Vyuma Nilivyovizika Siku Arubaini

Nianze na aibu yenyewe, maana nikiizungukazunguka mtadhani ninaficha jambo: kwa muda wa miezi miwili mizima ya utu uzima wangu, mimi Hamisi, baba wa watoto wanne, mhitimu wa kisomo cha jioni ambaye cheti chake kimetundikwa ukutani juu ya redio, niliamini kwamba vyuma vikifungwa pamoja vikazikwa kwenye mchanga wa pwani kwa siku arubaini, kutu ya bahari huviunga vikawa chuma kimoja, tena kwa nguvu kuliko moto wa fundi yeyote kutoka Vanga hadi Likoni. Wala sikuamini nusunusu. Niliamini kama ninavyoamini kwamba baada ya Alhamisi ni Ijumaa.

Chekeni, nitawasubiri. Mkimaliza niwaeleze ilivyoanza, kwa sababu haikuanza na ujinga, ilianza na mapenzi (ujinga ulikuja baadaye, ukakaribishwa ndani, ukapewa na kiti).

Mke wangu Mwanasha ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaolima mwani hapa Kibuyuni. Wanaufunga kwenye kamba baharini, ukikomaa wanauvuna, wanauanika kwenye vichanja mpaka unakauka kabisa, kisha wanaushindilia kwenye magunia na kumngoja mnunuzi aje na lori lake. Mnunuzi hataki mwani ulionyeshewa. Ukipata mvua mara moja tu unabadilika rangi, naye anaukataa bila hata kushuka garini. Kwa hivyo siku ya kupima ni moja, na ikipotea, imepotea na jasho la msimu mzima. Miaka yote mizani ilikuwa ikitundikwa kwenye boriti ya ghala lao, mpaka mchwa walipoila boriti ikabaki ganda, ukiigusa inatoa unga. Kikao kikaitwa, ikaamuliwa patengenezwe mguu-tatu wa chuma, yaani nguzo tatu zilizounganishwa kichwani, mizani ining'inie katikati. Bi Riziki, ambaye ndiye mkubwa wao kwa umri na kwa ulimi, akasema aitwe fundi. Mwanasha akajibu mbele ya wote, "Fundi wa nini, na mimi nimeolewa na fundi?"

Hakusema uongo. Alisema alichokiona nyumbani kwake. Ndoo ya bati iliyotoboka niliitia lehemu kwa mkono wangu. Jiko la mkaa nililipiga ribiti za vipande vya misumari. Taa ya barazani niliiunda kwa makopo ya maziwa nikayashikanisha kwa ile gundi ya tyubu mbili unayoichanganya kwenye kigae (taa iliachana siku ya tatu, lakini siku mbili za kwanza watu walisimama njiani kuitazama). Kichanja chetu cha vyombo kimeshikwa na waya mtupu, na ukitaka kuweka sahani lazima uiweke taratibu kama unayelaza mtoto aliyelala kwa taabu. Sasa mwanamke akiyaona hayo miaka kumi na minane, utamlaumu?

Mabomba niliyapata Diani, kwenye hoteli niliyokuwa nikifanya kazi ya bustani zamani, walipokuwa wakibomoa kibanda cha kivuli. Msimamizi akaniambia chukua, nami nikachukua kabla hajafikiri tena. Yalikuwa matatu marefu, mazito, pamoja na kipande kifupi cha bomba pana ambacho nilipokiona tu nikajua ndicho kitakachokuwa kofia: vichwa vya yale matatu vitaingia ndani yake, na ndoano ya mizani itapita katikati. Nikayafunga kwenye baiskeli asubuhi na mapema nikayapeleka kwa fundi Rashidi, anayechomelea milango na madirisha pale njia panda ya Shimoni.

Fundi Rashidi ni mtu wa maneno machache, kila neno analitoa kama msumari wa mwisho mfukoni. Akayatazama mabomba, akaitazama kofia, akasema, "Hii kazi ya nusu saa, Bwana Hamisi. Lakini stima zimepotea tangu alfajiri, mashine haiwaki."

"Zitarudi lini?"

"Hilo waulize walio nazo. Keti. Au niyatoboe kwa mkono nikutilie bolti, itafika jioni."

Nisikilizeni vizuri hapa. Palikuwa na benchi, palikuwa na kivuli, palikuwa na mama anayeuza mahamri hatua kumi kutoka pale. Mtu mwenye akili angeketi. Mimi nikaona nusu saa ya moto sawa, lakini kutwa nzima kumngoja mtu atoboe chuma, mimi msomi, hapana. Uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo kiasi hicho: kuketi au kutoketi. Sikuketi.

Nikavuka barabara, na ng'ambo nikamkuta Sudi.

Sudi ni rafiki yangu tangu utoto. Amefanya kazi miaka mingi kwenye maboti yanayowapeleka watalii kuangalia pomboo, na injini anazijua kwa sauti, na vitu vingine vyote duniani anavijua kwa kusikia. Akaniuliza mabomba ni ya nini, nikamweleza. Akacheka cheko la huruma.

"Unangoja stima za nini, Hamisi? Meli za kale ziliungwa kwa stima gani?"

Kabla sijajibu akatia mkono mfukoni akatoa bolti yenye nati yake, nyekundu kwa kutu, imevimba kama kidole kilichoumwa na nyuki. Akanikabidhi. "Fungua."

Nikajaribu kwa mkono. Nikajaribu kwa koleo ya baiskeli. Nikajaribu (mnisamehe) kwa meno, nusura niache jino pale.

"Umeona?" akasema Sudi. "Hakuna aliyeichomelea hiyo. Ni bahari tu. Unavifunga vyuma vyako na waya, unavizika pale maji yanapopwa na kujaa, unaviacha siku arubaini. Kutu ikishashika, hata tingatinga haliachanishi. Nanga za zamani zote ziliungwa hivyo."

"Basi mbona mafundi hawasemi?"

Sudi akanitazama kama anayemtazama mtoto. "Wakisema, watakula nini?"

Jamani, jibu lile liliingia kichwani kwangu likavuta mkeka likalala. Kwa sababu ni kweli, hapa pwani nani hajui nguvu ya kutu? Kufuli ya sanduku la marehemu mama yangu tuliikata kwa msumeno. Kiti cha baiskeli yangu hakijashuka tangu nilipokuwa na kiuno chembamba. Bawaba za mlango wa jirani ziligoma mpaka akatokea dirishani kwa wiki nzima. Ushahidi wote nilikuwa nao, nilikuwa tu sijaambiwa kwamba ni ufundi. Nikageuza baiskeli. Nilipompita fundi Rashidi nilimpungia mkono kwa masikitiko, kama mtu anayejua siri itakayoifunga karakana yake.

Nikayapachika mabomba kwenye kofia, mapengo nikayajaza misumari na vipande vya vyuma, nikazungushia waya mpaka pakawa kama kiota, na maji ya bamvua yalipopwa nikaenda ufuoni nikachimba, nikazika, nikachomeka kijiti chenye kitambaa chekundu ili nisipoteze mahali. Kisha nikaanza kuhesabu siku.

Mwanasha akawa ananiuliza, "Baba Mishi, kile chuma chetu kiko wapi?" Namjibu, "Kinaiva." Akiuliza kiko kwa fundi gani, ninamwambia asiwe na shaka, fundi wake hajawahi kushindwa (nilikuwa ninaikusudia bahari, sikumwambia). Ukweli ni kwamba nilitaka kumshangaza. Nilijiona siku hiyo nimesimama mbele ya akina mama, ninawafundisha.

Tatizo ni kwamba ufuo ule ndio njia yao ya kwenda kwenye mashamba ya mwani. Kila Ijumaa baada ya swala mimi huyo, nimekunja suruali, nainama penye kijiti, naupigapiga mchanga kwa kiganja na kumwaga kata moja ya maji ya bahari kwa baraka. Ijumaa ya tatu nikawasikia nyuma yangu. Bi Riziki amesimama na beseni kichwani, na nyuma yake wanawake wanne wametulia kimya, na mkijua wanawake wa Kibuyuni mtajua kimya kile kina uzito gani.

"Hamisi, mwanangu."

"Shikamoo, Bi Riziki."

"Marahaba. Hapo umezika nini?"

"Kazi tu, Bi mkubwa."

"Kazi," akasema. "Kazi yenye kitambaa chekundu. Karibu na mwani wetu."

Fikirini wenyewe mahali nilipokuwa. Nikisema ni mguu-tatu wao, siri imefichuka na mshangao umekwisha. Nisiposema, nimekuwa mchawi. Nikachagua kuwa mchawi (mtaniambia nyinyi mngechagua nini). Jioni Mwanasha alirudi nyumbani uso umejikunja, akaniuliza kama ni kweli nimefukia dawa ufuoni, nikamwapia kwamba si dawa, ni chuma. Akauliza chuma cha nini kinazikwa. Nikamwambia, "Mama Mishi, wewe umeniamini mbele ya watu. Niamini mpaka siku arubaini." Akasema jambo ambalo sijalisahau: "Mimi nimekwishasema. Wewe ndiye utakayenifanya mkweli au mwongo." Akaenda kuepua wali.

Siku ya arubaini nikachimbua. Wallahi vilipendeza. Vilikuwa vyekundu, vina magamba, vimeshikana vichwani kama ndizi za tawi moja. Nikavitikisa, kimya. Nikavipiga teke, nikaumia mimi. Furaha iliyonipata nikaibeba mpaka nyumbani, na hapo nikafanya kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza: nikaona ule waya unaharibu umbo. Nikaukata wote, pindo kwa pindo, kama anavyotolewa plasta mtu aliyepona mguu. Kisha nikaparuza magamba, nikapaka rangi ya buluu mara mbili. Ukiuona hungesema umetoka mchangani. Ungesema umetoka dukani.

Mnunuzi alifika asubuhi ya Jumatano. Anaitwa Mutua, mtu wa bara, mnene, mchangamfu, ana kalamu sikioni na mizani yake mwenyewe ya kutundika, ile ya saa yenye kioo na mshale, anaibeba amekumbatia kama mwanawe. Magunia yalikuwa yamepangwa nje ya ghala, akina mama wamevaa leso mpya, na upande wa kusini, juu ya Vanga, wingu lilikuwa limejikusanya jeusi. Kila mmoja alilitazama na hakuna aliyelitaja.

Nikauleta mguu-tatu begani. Nikausimamisha. Kulikuwa na mnong'ono wa sifa, nisidanganye, na Mwanasha akasimama wima zaidi. Mutua akauzunguka mara moja.

"Hii kitu itashika kweli?"

"Itashika?" nikasema mimi. "Bwana Mutua, nguzo tatu ni pembetatu, na pembetatu haiyumbi, hiyo ni hesabu ya kisomo. Hapo hata lori lako utalitundika."

"Nani alichomelea?"

Macho yote yakanigeukia, ya Mwanasha yakiwa ya kwanza. Hapo ningesema tu jina la mtu yeyote, mambo yangepita. Lakini siku arubaini nilikuwa nimekaa na siri ile kifuani, ilikuwa imevimba kuliko ile nati ya Sudi. Nikawahutubia. Nikawaeleza habari za kutu, na meli za kale, na nanga, na mafundi wanaoficha ukweli ili wapate kula. Sudi alikuwepo, amekuja kubeba magunia, akawa anaitikia kwa kichwa kama imamu aliyeridhika na mwanafunzi wake. Bi Riziki akaniacha nimalize.

"Kwa hivyo kile kitambaa chekundu," akasema, "ulikuwa unafuga kutu."

"Ndiyo, Bi mkubwa."

"Afadhali ungekuwa mchawi."

Walicheka mpaka mmoja akashika ukuta wa ghala. Mutua akasema yeye hatundiki mizani yake kwenye kutu ya mtu. Nikaona Mwanasha ameinamisha kichwa, anakunja ncha ya leso yake kidoleni, na nikaona lazima nimwokoe pale pale. Nikamwambia Mutua, "Tundika. Nitaanza kupimwa mimi. Ikinibeba mimi, itabeba gunia." Akina mama wakapiga vigelegele vya kejeli, Mutua naye ni mtu wa mzaha, akatundika.

Nikaishika ndoano ya chini ya mizani kwa mikono miwili, nikakunja magoti, nikaning'inia.

Ikanibeba. Kwa muda wa, tuseme, kumeza mate mara mbili, ikanibeba kabisa. Mshale ukapanda, ukatetemeka, ukasimama, na Bi Riziki akasogea akasoma kwa sauti, "Hajafika hata gunia moja na nusu, na maneno yote haya." Nami nikageuza shingo ili nimtazame mke wangu nimwoneshe meno. Ndipo nikasikia juu ya kichwa changu sauti ndogo, kama ya mtu anayetafuna bisi. Unga mwekundu ukaanza kunishukia usoni, laini kama mdalasini, ukaniingia machoni na mdomoni uliokuwa wazi kwa kicheko. Kisha kila bomba likakumbuka kwao. Moja likaenda upande wa bahari, moja upande wa msikiti, la tatu likampitia Sudi kisigino. Mimi nikashuka kwa makalio kwenye beseni la mwani mbichi uliotoka kuvunwa asubuhi hiyo, nikakaa humo kama embe la achari. Kofia ikatua mbele yangu na vipande vya misumari vikimwagika kutoka ndani yake, vyote vikavu, kila kimoja peke yake, hakuna hata viwili vilivyojuana.

Na mizani ikaangukia jiwe.

Hapo vicheko vilikatika. Mutua aliiokota taratibu. Kioo kimepasuka, mshale umepinda na umekwama palepale ulipokuwa, kwenye uzito wangu. Aliitikisa, ukabaki hapo. Aliigeuza juu chini, bado ikasema Hamisi.

"Mama mwenyekiti," Mutua akamwambia Mwanasha, na mzaha ulikuwa umemtoka, "mimi bila mizani siwezi kununua. Siwezi kukisia mali ya watu. Na mvua ndiyo hiyo. Wacha niende kijiji kingine, huko wako na mizani yao."

Nilikuwa ningali ndani ya beseni. Nikawaona akina mama wakiyatazama magunia, wakilitazama wingu, kisha wakimtazama Mwanasha, na hakuna aliyenitazama mimi, na hilo liliniuma kuliko makalio. Bi Riziki akasema polepole, bila kejeli hata kidogo, "Mwanasha, huyu ndiye fundi wako?"

Mwanasha alimgeukia Mutua. "Tupe muda wa kufika zahanati na kurudi. Leo ni siku ya kliniki ya watoto. Wana mizani."

"Ya watoto?"

"Kilo ni kilo."

Akajifunga leso kiunoni akaondoka mbio, mke wangu, mbio kweli, na ndara mkononi. Alirudi na sista wa zahanati, aliyeibeba mizani yake mwenyewe kwa sababu alikataa kumpa mtu yeyote aliyekuwa karibu na mimi. Ni ile ndogo wanayowapimia watoto wakiwa wamevalishwa kisuruali cha kitambaa. Sista akaweka masharti: watoto wa siku hiyo wameshapimwa, lakini mizani irudi kabla ya alasiri, isipakiwe zaidi ya kilo ishirini kwa mara moja, na kisuruali kisiguswe. "Kisuruali cha watoto hakibebi mwani," akasema. Bi Riziki akavua leso yake ya pili akaifunga mafundo manne, ikawa bembea. Mutua akaikagua mizani, akaijaribu kwa pakiti ya unga kutoka dukani, akaridhika.

Ikabaki kitu kimoja. Mizani ndogo nayo inataka mahali pa kutundikwa, na pa kutundika hapakuwepo.

Mwanasha akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nilipoanguka. Akaokota boriti nyembamba iliyokuwa nyuma ya ghala, akaja akanipa ncha moja. Ncha ya pili akampa Sudi. "Begani," akasema.

Ndivyo nilivyogeuka mti wa mizani. Mimi mbele, Sudi nyuma, boriti mabegani, mizani ya watoto katikati, na mwani wa msimu mzima ukapita pale chini ya masikio yetu, kilo ishirini kwa mara moja, ndani ya leso ya Bi Riziki. Gunia linamwagwa, linagawanywa, linapimwa, linashindiliwa tena, linakwenda lorini, linakuja jingine. Siruhusiwi kusogea, maana nikitikisika mshale unacheza na Mutua anasema rudia. Nzi akitua puani, anakaa mpaka achoke yeye mwenyewe. Maji ya mwani yalikuwa yamenikaukia suruali ikawa ngumu kama bati, na kila nilipohema ilinikwaruza.

Nao akina mama, kwa kuwa mikono yao ina kazi na midomo haina, wakanigeuza mti kweli. Wakawa wanazungumza habari zangu mbele yangu.

"Mti huu unatoka jasho."

"Ni mti wa maji maji. Haufai hata kuni."

"Mti, inua upande wako, kule kwa Sudi kuko juu."

"Sudi ni mguu mmoja tu, kisigino kimevimba."

"Msiunyeshee, utashika kutu."

Hapo hata Sudi alicheka, boriti ikatikisika, Mutua akasema rudia, na leso nzima ikapimwa upya. Wale mama waliotoka kliniki nao wakaja na watoto wao mgongoni kutazama mizani yao ilivyopata kazi nyingine, wakakaa kivulini, ikawa kama harusi ambayo mimi ndiye nguzo ya turubali.

Adhuhuri ilipita. Katikati ya joto lile Mwanasha akapita mbele yangu na sahani ya mihogo aliyokuwa akiwagawia wapakiaji. Akasimama. Akakata kipande akanitia mdomoni, kwa kuwa mikono yangu ilikuwa imeshika boriti, kisha akanifuta vumbi la kutu kwenye nyusi kwa kidole gumba. Hakutabasamu. Lakini kipande kile alikuwa amekitia pilipili na ndimu kama nipendavyo, nami nikajua kwamba leo nitalala ndani.

Gunia la mwisho lilipanda lorini na tone la kwanza likanipiga paji la uso. Turubali likafungwa, mvua ikaja yote kwa pamoja, sista akaondoka mbio na mizani yake chini ya mwavuli, nasi wengine tukajibana ghalani. Mutua alikuwa akifunga daftari lake. Akaniambia mizani yake ile kubwa nitaipeleka mimi mwenyewe Ukunda kwa fundi wa mizani, na nikasema sawa, na akasema asiwe fundi wa baharini, na nikasema sawa.

Bi Riziki alikuwa akikamua maji kwenye leso yake. "Mwanasha," akasema, "ulitudanganya kidogo. Mumeo si fundi." Akaikung'uta leso. "Lakini ni mti mzuri. Umesimama tangu asubuhi haujaanguka. Msimu ujao tutautundikia mizani yetu wenyewe, na uenyekiti ubaki hapo hapo ulipo." Wengine wakaitikia, na Mwanasha akacheka, kicheko chake kile cha kufunika mdomo, cha kwanza siku hiyo.

Tangu hapo nimejiwekea nadhiri, nami ninaiandika ili mnishike nayo: sitaunga kitu ambacho mtu mwingine atakiegemea, isipokuwa nimekiegemea mimi kwanza, peke yangu, siku tatu, mahali pasipo na beseni. Ndoo nitaendelea kutia lehemu. Jiko nitalipiga ribiti. Mizani, ngazi, kiti na kitanda, hivyo ni vya mwenye moto.

Kesho yake nikayafunga yale mabomba kwenye baiskeli nikarudi njia panda. Stima zilikuwepo. Nilikuwa nimejitayarishia uongo mrefu wa njiani, lakini fundi Rashidi alikuwa ameshasikia (nchi nzima ilikuwa imeshasikia), akaniashiria benchi, na safari hii nikaketi. Akaichukua kofia, akapitisha kidole ndani, kikatoka chekundu, akakipangusa kwenye suruali yake bila kucheka. Mimi, kwa kuwa sina haya, nikauliza tu lile lililokuwa likinikera usiku kucha: kama kutu haishiki, mbona ile nati ya Sudi haifunguki mpaka leo?

Fundi Rashidi akavaa miwani yake ya kuchomelea, akaipandisha kwenye paji la uso.

"Nati imekaba kwenye meno ya bolti, Bwana Hamisi. Imekwama, haijaungwa. Kutu haiungi chuma. Inakila."